Shusha Kwanza, Ndipo Upakie

(Hotuba ya muuguzi mstaafu kwa wagonjwa wa kifua na jamaa zao, Moshi, wiki ya Siku ya COPD Duniani)

Shikamooni wazee wangu. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Na ninyi vijana wa kule nyuma mliowasindikiza wazazi, habari zenu.

Waliopanda ngazi za ukumbi huu sasa hivi msinijibu. Kaeni kwanza. Salamu zenu nitazidai baadaye. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikawaona. Kuna baba mmoja alisimama ngazi ya nne akajifanya anatafuta simu mfukoni, na simu ilikuwa mkononi. Kuna mama alisimama kusifia maua. Maua yenyewe ya plastiki. Siwacheki. Mama yangu mzazi alikuwa hodari wa mchezo huo kuliko ninyi nyote.

Kwetu ni Kibosho. Anayepajua anajua kwamba ukishashuka kwenye gari, kilichobaki ni kupanda. Mama alipikia kuni tangu usichana wake, mafiga matatu ndani ya nyumba, na juu ya hapo alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi, zile ndizi zinazochemka saa na saa huku mtu amesimama anakoroga na machozi yanamtoka. Sigara hakuwahi kuigusa. Miaka yake ya mwisho, akirudi sokoni, alikuwa anasimama kwenye kila kihamba, yaani shamba la nyumbani kwa mtu. Anashika masale ya uzio, anaita, "Wenyewe mpo?" Wenyewe wakitoka anauliza habari za ng'ombe, au za mtoto aliyeko Dar, au za mvua. Swali moja tu, kisha anawaacha waongee. Sisi watoto tukasema uzee umemfanya mpenda maongezi. Mimi muuguzi, miaka yote hiyo nimevaa gauni jeupe, ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba mama alikuwa anaiba pumzi.

Baadaye sokoni akaacha kwenda. Akasema vitu vimepanda bei. Kisha jumuiya akaacha, akasema siku hizi wanaimba nyimbo ndefu. Kisha usiku mmoja akaamka ameshika shingo, macho yamemtoka, anavuta hewa na hewa haiji. Mjomba akasema ni jinamizi. Jirani akataja mambo mengine ambayo sitayasema mbele ya wageni. Tukampeleka hospitali moja, jina lake halina kazi hapa. Wakampima presha, wakambana kidole kwa kile kidude cha kusoma oksijeni, kikasoma asilimia 95. Kijana wa zamu akatuambia, "Bibi hana tatizo, ni wasiwasi tu. Apewe kidonge alale."

Neno wasiwasi halikuniudhi. Wasiwasi alikuwa nao, hata wewe ungekuwa nao. Kilichonikaa rohoni mpaka leo ni lile "tu".

Wengi wenu kwenye vyeti mmeandikiwa herufi nne, COPD. Ni ugonjwa wa mapafu usiokwisha, ambao njia za hewa zimekuwa nyembamba na hazirudi kama zamani. Wengine mna pumu ya miaka mingi. Wengine mlitibiwa kifua kikuu mkapona, vijidudu vikaisha lakini makovu yakabaki, na kila mkikohoa kwenye gari watu wanafungua madirisha. Na nawaona vijana wa Mererani pale, waliovuta vumbi la mawe mgodini mpaka wakawa na mapafu ya babu zao. Sisi watu wa Kilimanjaro na kifua tunajuana zamani, maana hospitali yetu ya Kibong'oto ilianza kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926. Na Shirika la Afya Duniani linasema COPD peke yake iliua watu wapatao milioni 3.5 duniani mwaka 2021, na kwamba kati ya wanaokufa nayo kabla ya miaka 70, karibu 9 katika kila 10 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani ni huku kwetu. Sitakaa kwenye takwimu, nimekuja kuongelea kitu kisichoandikwa kwenye cheti. Hofu ile ya kukosa pumzi.

Nani hapa amepanda daladala jioni, watu wametoka kazini? Wote. Gari limejaa, wengine wamesimama wameinamisha shingo. Linafika kituoni, mlango unafunguliwa. Nje kuna kumi wanataka kuingia, ndani kuna watano wanataka kushuka. Wa nje wanasukuma, wa ndani hawana pa kutokea, na konda anagonga bati: "Twende, twende!" Mwisho wake hakuna aliyeshuka, hakuna aliyeingia, na wote wanalalamika hakuna nafasi.

Hicho ndicho kifua chenye COPD. Ukivuta hewa, kifua kinapanuka na zile njia ndogo za hewa zinafunguka nazo, hewa inapita. Shida ni kutoa. Katika mapafu mazima, kuta za vile vifuko vidogo vya hewa zinazishikilia njia zisinywee, kama kamba za hema. Moshi na vumbi vimezila kamba. Kwa hiyo ukitoa hewa, njia zinanywea kabla hewa haijaisha, na sehemu yake inabaki ndani. Ukivuta tena, unaweka mpya juu ya kiporo. Mara kumi ukifanya hivyo, kifua kimejaa pomoni, mbavu zimeinuka, na ule msuli mkubwa chini ya mapafu, kiwambo, umebonyezwa mpaka umelala bapa na hauna nguvu ya kuvuta tena.

Mgonjwa anasema, "Hewa haiingii." Anasema kweli. Ila haiingii kwa sababu ya zamani haijashuka.

Hebu ninyi wenye mapafu mazima, mliokuja kusindikiza, fanyeni jambo dogo. Wagonjwa msifanye, ninyi mnalifahamu. Vuta hewa mpaka kifua kijae. Sasa toa kidogo tu, kiasi cha kijiko. Vuta tena juu yake. Toa kijiko. Vuta tena. Endelea, endelea, usicheke. Basi, acheni. Umejisikiaje, kijana? "Kama nataka kupasuka." Umekaa hivyo nusu dakika, umekaa kwenye kiti, na ulijua nitasema basi. Baba yako hapo pembeni anakaa hivyo akifunga kamba za viatu, na hakuna wa kumwambia basi.

Sasa tumlete konda, kwa sababu konda ndiye hofu. Mtu aliyetulia anapumua mara 15 hivi kwa dakika. Kila pumzi ina sekunde 4 za kuingia na kutoka. Akishtuka akafika mara 30, kila pumzi imebakiwa na sekunde 2. Kwenye mapafu mazima si neno, hewa inatoka upesi. Kwenye mapafu yenu, kinachokatwa ni muda wa abiria kushuka. Hofu inaharakisha pumzi, haraka inajaza kifua, kifua kikijaa pumzi inazidi kukata, pumzi ikikata hofu inapanda. Hapo mtu hajaugua zaidi ya alivyokuwa asubuhi, mapafu ni yale yale, lakini ndani ya dakika tatu anaona kaburi. Ndiyo maana nasema lile "tu" lilikuwa kosa la kitabibu. Ukimwambia mgonjwa wa kifua kwamba ana wasiwasi tu, ni kama kumwambia abiria aliyebanwa mlangoni kwamba tatizo lake ni kelele za konda. Kelele zipo. Na gari limejaa kweli.

Na kile kidude cha kidoleni? Kinapima oksijeni kwenye damu, basi. Hakipimi kazi ambayo misuli yako inafanya kuipata hiyo oksijeni. Mama alisoma 95 huku kila msuli wa shingo na mbavu unafanya kazi ya punda. Hisia ya kukosa pumzi inapikwa kwenye ubongo, na ubongo unachanganya mengi chunguni: taarifa za misuli ya kifua, kiasi cha hewa chafu kwenye damu, mapafu yamejaa kiasi gani, na pia kile unachokitarajia na kile unachokikumbuka. Sehemu za ubongo zinazopokea habari za pumzi zinahusika pia na maumivu na woga. Kwa hiyo usishangae mtu ambaye aliwahi kubanwa bafuni, mlango umefungwa, mvuke umejaa, mikono iko juu anasugua kichwa, leo akishika ndoo tu anaanza kutweta kabla hajafika bafuni. Hajidekezi. Ubongo wake umekariri. (Na kwa kuwa tumefika bafuni: weka stuli uoge umekaa, mlango usiufunge kwa komeo, kichwa uoshewe na mtu. Aibu ya kuoshwa kichwa inapita.)

Niwaambie kosa langu, nisije nikaonekana nawasema wenzangu wa hospitali ile peke yao. Miaka ya nyuma nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wanaume. Kulikuwa na mzee, dereva wa treni mstaafu, mtu mkubwa wa mwili. Saa tisa usiku akabanwa. Nilimkuta amekaa kitandani ameshika chuma kwa mikono yote miwili, jasho linachuruzika. Nikamsimamia mbele ya uso nikamwambia, "Tulia baba. Tulia. Usiogope. Tulia!" Nadhani nilisema mara ishirini, na kila mara sauti inapanda, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa. Alipata nafuu kwa dawa na oksijeni. Siku ya tatu, nampa uji, akanitazama akasema, "Sista, usiku ule ulinipigia kelele kuliko kengele ya stesheni. Mtu anayezama haambiwi atulie. Anapewa kitu cha kushika."

Tangu siku hiyo neno "tulia" nimeliacha kazini. Ninawapa watu kitu cha kushika.

Cha kwanza ni mahali pa kuegemea. Pumzi ikikata usilale, na jamaa msimlaze. Kaa, inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, au egemea meza, au simama uegemee ukuta kwa mikono. Mama yangu na masale yake alikuwa amejigundulia mwenyewe bila daktari. Mikono ikipata pa kutua, misuli ya mabega na shingo inaachiwa isaidie kifua. Mama wa shambani anayesimama ameegemea mpini wa jembe msimwite mvivu, anafanya tiba.

Cha pili ndicho kikubwa, na ndicho nilichokuja nacho. Shusha kwanza. Mtu akikosa pumzi mwili wote unamwambia vuta, vuta, vuta. Wewe fanya kinyume: toa. Kunja midomo kama unapuliza uji wa moto kwenye kijiko, taratibu, kiasi cha kuuyumbisha mwali wa mshumaa bila kuuzima. Kubana midomo kunarudisha msukumo kidogo ndani, njia za hewa zinabaki wazi muda mrefu, abiria wanashuka. Ukishatoa, kuvuta kutakuja kwenyewe, kwa pua, kidogo tu, kama unanusa chungu cha jirani cha ndizi za kiburu. Kama unapenda kuhesabu, mbili kuvuta, nne kutoa. Ukishindwa nne, tatu. Usisukume kwa nguvu, maana ukikamua kifua njia zinanywea tena. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Huku kwetu kutoa ni mapafu, na hata fukara anaweza.

Wakati wa kujifunza haya ni sasa umekaa, si usiku umebanwa. Hakuna aliyejifunza kuogelea katikati ya mafuriko. Fanya asubuhi ukisubiri chai ipoe, fanya ukiangalia taarifa ya habari. Kisha kipeleke kwenye ngazi: mguu ukipanda, toa, ukisimama, vuta. Ukinyanyua ndoo, toa wakati ndoo inapanda. Wengi wenu mnabana pumzi mkinyanyua, halafu mnashangaa.

Cha tatu nimekibeba kwenye mkoba. Hiki hapa. Mnacheka nini? Ni pepeo, la ukili, nimelinunua sokoni jana. Uingereza, kule Cambridge, walifanya utafiti uliochapishwa 2010: wagonjwa 50 waliokuwa na tatizo la kukosa pumzi walipewa feni ndogo ya mkononi, dakika 5 wakijipepea usoni, dakika 5 mguuni. Upepo wa usoni ulipunguza hisia ya kukosa pumzi, wa mguuni haukufua dafu. Kwenye mashavu na kuzunguka pua kuna mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi na kuuambia ubongo kwamba hewa ipo. Feni ya betri ukiipata ni sawa. Hili pepeo halina betri ya kuisha. Ila nisikilizeni: lisiwe lile la jikoni lililojaa majivu! Pepeo lililokuwashia mkaa miaka 40 limeshafanya kazi yake, liache lipumzike. Nunua jipya, litundike karibu na kitanda, ulipapase gizani ulijue lilipo. Na wewe mpepeaji, upepo uende usoni, taratibu. Humchomi mshikaki.

Hapo naomba niongee na ndugu wa mgonjwa, maana sisi tunapendana kwa kujazana. Mtu akibanwa usiku nyumba nzima inaingia chumbani. Mmoja anampaka mafuta kifuani, mwingine anamuuliza "unajisikiaje?", wa tatu anaomba kwa sauti ya mkutano wa hadhara, wa nne anapiga simu Dodoma akilia. Mgonjwa akiwatazama anasoma kifo usoni penu. Tokeni. Abaki mmoja, yule mwenye moyo mgumu, hata kama ni mjukuu. Akae pembeni yake, asisimame mbele yake. Asimuulize swali la kujibiwa kwa sentensi, amuulize la kutikisa kichwa: maji? dirisha? dawa ya kuvuta, inhela? Kisha apulize naye. Apulize kweli, kwa sauti, fyuuu, taratibu kuliko mgonjwa, bila kuhubiri. Mgonjwa ataanza kukufuata bila kujua. Wanaotaka kuomba waombe sebuleni, Mungu anasikia mpaka huko. Na anayetaka kuombea hapo hapo aombe kwa kuimba pole pole, maana kuimba ni kutoa pumzi ndefu. Kuna mama wa kwaya aliniambia siku anazoenda mazoezi analala vizuri. Sikushangaa.

Dawa. Ile inhela ya kufungua kifua, ya salbutamol, wengi ni ya bluu, inafanya kazi lakini ina tabia zake: inafanya moyo uende mbio na mikono itetemeke. Sasa moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka ni nini tena? Ni hofu. Mtu anapuliza mara mbili, moyo unapiga, anasema ninazidiwa, anapuliza tena, moyo unazidi. Kabla ya kurudia, subiri kama ulivyoelekezwa kwenye karatasi yako, na katika kusubiri fanya lile la uji wa moto. Kama huna karatasi ya maelekezo, idai kliniki. Na kama dawa inaishia kooni na kwenye ulimi, omba uonyeshwe upya jinsi ya kuivuta, kwa chombo cha kati, kile kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa watoto wenye pumu chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kubanwa vizuri, inafanya kazi sawa na chombo cha kununua. Muuguzi wa kliniki atakusaidia kuitengeneza.

Kuhusu kile kidonge alichopewa mama yangu. Dawa za jamii ya diazepamu tafiti hazijaonyesha kwamba zinaondoa kukosa pumzi. Zinaleta usingizi, na kwa mtu mwenye mapafu dhaifu zinaweza kufanya upumuaji uzembee wakati unauhitaji zaidi. Msiziokote duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Anayezitumia tayari kwa muda mrefu asiziache ghafla, amwone daktari. Na hofu yenyewe ikiwa haikuachi hata siku ambazo kifua kiko shwari, huli, hulali, umekata tamaa, kuna kliniki za afya ya akili. Kwenda huko si kichaa. Kuna mazungumzo yanayosaidia na kuna dawa nyingine zinazofaa, na mwenye kuamua ni daktari anayejua una ugonjwa wa kifua.

Sasa hapa sitaki kicheko. Haya yote ni kwa ajili ya kubanwa kule unakokujua, kunakokuja na kuondoka. Midomo au ulimi ukigeuka rangi ya bluu au kijivu, mtu akishindwa kumaliza maneno mawili matatu, akianza kusinzia au kuongea yasiyoeleweka, akikohoa damu, kifua kikimchoma ghafla, mguu mmoja ukivimba, ana homa na makohozi yamebadilika rangi na kuongezeka, au inhela haimsaidii kama siku zote: gari, hospitali, usiku huo huo. Pepeo mtakuja nalo njiani. Na ukifika hospitali, ndugu, sema hivi: "Huyu tunamjua akibanwa kwa hofu, na leo si vile." Sentensi hiyo inafungua masikio ya daktari. Wewe ndiye unayemjua.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote kwa sababu linataka mfanye kile mnachokiogopa.

Mama yangu aliacha soko, akaacha jumuiya, mwisho akawa anatoka kitandani kwenda kwenye kiti cha barazani na kurudi. Tulimhurumia. Tulimbebea kila kitu. "Kaa mama, usijichoshe." Tukidhani tunamtunzia pumzi. Kumbe miguu inayokaa inaisha nyama, na mguu dhaifu unataka hewa nyingi kwa hatua ile ile moja. Leo anachoka kwa hatua hamsini, kwa hiyo anakaa. Mwezi ujao anachoka kwa thelathini. Na kila anapochoka mapema anapata ushahidi mpya kwamba kutembea kunaua. Huruma yetu ilimfungia mlango kutoka nje. Nilikuwa na cheti cha uuguzi ukutani wakati nafanya hivyo.

Dawa ya hapo ni mazoezi ya kifua yaliyopangwa, kutembea na kuimarisha miguu na mikono, chini ya mtu anayejua, pamoja na mafunzo kama haya ya leo. Kampala, hospitali ya Mulago, waliwachukua watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kutibiwa kifua kikuu, watu kama ninyi wa safu ya tatu, wakafanya nao mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Waliomaliza walitembea mbali zaidi ya walipoanza na maisha yao yakawa na nafuu. Mapafu hayakuota upya. Makovu yalibaki pale pale. Kilichobadilika ni miguu, na kichwa, kwa sababu mtu aliyekosa pumzi mara 12 mbele ya muuguzi, akainama, akapuliza, ikarudi, ya 13 inamkuta na ushahidi wa aina nyingine.

Mtanitambua kwa swali moja mkija kliniki. Siwaulizi "umekosa pumzi?" Mtakosa, ndio ugonjwa wenyewe. Ninauliza, "Ilichukua muda gani kurudi?" Andika. Jumatatu dakika nane. Alhamisi dakika sita. Kuna baba anaandika kwa mkaa ukutani mwa banda la ng'ombe, mkewe anamgombeza, mimi nimemwambia aendelee.

Na lugha yetu, mmeisikia? Pumzi. Pumua. Pumzika. Mtu aliyeyaweka maneno hayo chungu kimoja nadhani alikuwa na kifua.

Haya, mtaniuliza maswali tukiwa nje, sipendi maswali ya kwenye viti. Tunatoka sasa mpaka kwenye ule mwembe karibu na geti, hakuna mwinuko, na mabenchi yamepangwa katikati ya njia. Wenye inhela wawe nazo mfukoni. Ndugu wa wagonjwa mtembee nyuma, msimshike mkono ambaye hajaomba. Mwendo utapangwa na mwenye pumzi fupi kuliko wote, na atakaposimama tunasimama sote, hakuna wa kuuliza kwa nini.

Baba wa ngazi ya nne, inuka. Wewe ndiye dereva. Ukinyanyuka toa hewa, na simu mwachie kijana.